Kiatu cha Mguu Mpana

Mguu mtu huzaliwa nao, na kiatu hukichagua mwenyewe. Walakini viwili hivi vinapogombana, aghalabu mguu ndio unaolaumiwa. Mwalimu mmoja wa skuli mjini Moshi aliishi na lawama hiyo miaka kumi. Alikuwa mkimbiaji wa alfajiri, asiyetamani zawadi, na kila mwaka alinuia kukimbia zile kilomita 21 ambazo watu wa mataifa mengi huja kuzikimbia chini ya Mlima Kilimanjaro. Kila mwaka, kabla ya siku kufika, kucha zake ziligeuka nyeusi zikabanduka, na mkewe akawa na kazi ya kumtazamia malengelenge kwa taa. Alifikia hadi ya kuona haya kuvua viatu mbele ya wageni. "Miguu yangu mibaya," alisema, na waliomsikia hawakumpinga.

Kosa lake lilikuwa kosa la wengi. Raba ya namba 42 ilipombana ubavuni, alichukua 43. Nayo ilipombana, alichukua 44. Alitafuta upana akauziwa urefu. Kisigino kikapwaya, mguu ukateleza mbele katika kila mteremko, na vidole vikagonga ncha. Zaidi ya hayo, kiatu hukunjika pale kilipoundwa kukunjika, na katika kiatu kirefu mno mahali hapo hapalingani na shina la vidole. Ni sawa na kumrefushia kanzu mtu mnene: ataikanyaga pindo, na kifua kitabaki katika dhiki ile ile.

Kiatu huundwa juu ya kalibu yenye umbo la mguu. Kiwanda chenye kalibu moja tu kwa kila urefu kimekwisha kuwaamulia watu wote upana wao. Viko viwanda vingine ambavyo kwa urefu ule ule hutengeneza viatu vya upana mbalimbali na kuvitambulisha kwa herufi. Kwa desturi ya Marekani, kiatu cha mwanamume cha upana wa kawaida ni D, kipana ni 2E, na kipana zaidi ni 4E. Kwa mwanamke cha kawaida ni B, na D kwake ni kipana. Herufi hizo huandikwa kwenye sanduku, na mara nyingine ndani ya ulimi wa kiatu, kando ya namba. Katika marundo ya mitumba sanduku halifiki, na mchuuzi hunadi namba peke yake. Yamkini mwalimu alikwisha kuishika dawa yake mkononi mara nyingi, akairudisha katika rundo.

Abebe Bikila wa Ethiopia husifiwa kana kwamba alikuwa maskini aliyekosa viatu. Sifa hiyo haimtendei haki. Alikuwa askari wa walinzi wa mfalme, na viatu alivijaribu huko Roma; havikumkaa vema, naye alikuwa amezoea kufanya mazoezi miguu mitupu, basi akaviacha. Tarehe 10 Septemba 1960 alishinda marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Mjini Tokyo mwaka 1964 alivaa viatu na soksi, akashinda tena kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Hakuwa adui wa kiatu. Alikataa kiatu kisichomfaa, tena katika siku kubwa kuliko zote za maisha yake.

Aliyemfungua macho mwalimu ni fundi viatu wa barazani. Alimsimamisha juu ya karatasi jioni, wakati miguu imekwisha kuvimba kidogo kwa kazi ya mchana, akaichora yote miwili kwa kalamu iliyosimama wima. Mguu wa kulia ulikuwa mkubwa kuliko wa kushoto, na fundi akaamuru ufuatwe huo. Kisha akatoa soli ya ndani ya ile raba ya 44 akamwambia aikanyage: nyama ilimwagika pande zote mbili, na mbele pakabaki nafasi ya vidole viwili, ambapo upana wa kidole gumba cha mkono ungalitosha. Na mchuuzi akisema kiatu kitatanuka, fundi aliongeza, asisadikiwe. Ngozi hutii, lakini vitambaa vya raba za siku hizi vingi havitii.

Majuma matatu mwalimu alipekua mitumba akisoma ndimi za viatu, na wachuuzi wakamcheka. Hatimaye akapata 42 yenye alama ya 4E, rangi ya chungwa isiyomstahili mwalimu, soli yake ingali nzima. Alisimama juu ya soli ya ndani pale pale sokoni, hakuna kilichomwagika.

Jumapili ya mbio alirudi nyumbani adhuhuri, akachechemea kwa uchovu tu. Aliketi kizingitini akavua soksi, na mkewe akainama kuhesabu kucha. Zilikuwa kumi.