Siku ya Idd mlisoma?

Mimi ni mwalimu wa darasa katika shule ya msingi ya serikali hapa Bombolulu, Mombasa, na kwa muda mrefu rejista yangu ilikuwa uongo mtupu. Kila wiki niliiacha ndani ya mkoba tangu Jumatatu. Wiki ikiisha, nilikaa nayo mezani nyumbani nikaijaza kwa mkupuo: kimstari cha asubuhi, kimstari cha mchana, jina baada ya jina, watoto zaidi ya 80. Hapa na pale nilitia sifuri mbili tatu za waliokosa ili isionekane nzuri kupita kiasi. Sifuri hizo nazo nilizitunga.

Hakuna aliyenituma. Lakini pia hakuna aliyewahi kuniuliza, kwa sababu rejista iliyojaa haina maswali. Pesa ya serikali, shilingi 1,420 kwa kila mtoto wa msingi kwa mwaka, hufuata vichwa vilivyoandikishwa. Haijali kama kichwa hicho Jumanne kilikuwa darasani au sokoni Kongowea kikibeba mizigo. Anayeandika sifuri ndiye anayejitafutia kazi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mwalimu mkuu achunguze kwa nini mtoto hakuja, na mzazi asiyempeleka mwanawe shule anaweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi mwaka mmoja. Sasa mwambie hayo mama anayefua nguo za watu Nyali, ambaye simu yake ukiipiga hapatikani. Au mwandikie barua baba aliyewachukua watoto wote kwenda matangani Kaloleni, wakakaa huko wiki nzima. Nilijiambia kwamba kuwafichia utoro wao ni huruma. Ulikuwa uvivu, nikauvika kanzu.

Nilidhani uongo huo, ukimdhuru mtu, utamdhuru mtoro. Sikuwahi kufikiri habari ya mtoto anayekuja.

Muhula wa pili wa 2024, vijana walimpora mwanamke simu akiwa kwenye tuktuk karibu na steji ya Bombolulu, Jumatano asubuhi. Ijumaa jioni polisi wakafanya msako. Eneo letu la Kisauni lina historia yake. Magenge kama Wakali Kwanza na Wakali Wao yaliwafikisha watu wa huku mahali pa kuwaogopa watoto waliowazaa wenyewe, na msako ukipita, mvulana wa miaka 13 aliyekaa barazani na wenzake anazolewa pamoja nao. Mmoja wa waliozolewa alikuwa wangu, wa Gredi ya 6, mtoto mkimya wa kiti cha nyuma. Katiba inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, ila saa hizo zikiishia wikendi, hungoja siku ya mahakama inayofuata. Kwa hiyo aliyekamatwa Ijumaa jioni hulala ndani hadi Jumatatu.

Jumamosi asubuhi mama yake alibisha mlangoni kwangu. "Mwalimu, Jumatano mwanangu alikuwa shule. Nimeambiwa wewe unayo rejista. Twende nayo tu, watamwachilia."

Alisema kweli. Hivyo ndivyo rejista ilivyokusudiwa kufanya kazi. Ilikuwa mkobani mwangu, na wiki ile nzima ilikuwa nyeupe.

Nilimwambia angoje nivae viatu. Nikaingia chumbani nikaijaza, kalamu moja, pumzi moja, Jumatatu hadi Ijumaa. Tukapanda matatu hadi kituoni. Afande wa dawati la watoto, mama mtu mzima mwenye miwani, alitupokea kwa heshima akatupa viti. Nikamwonyesha Jumatano. Nikaapa kwamba mtoto yule nilimwona kwa macho yangu. Afande aliutazama wino, akapitisha kidole juu yake, kisha, bila kusema lolote, akaanza kufunua kurasa za nyuma. Akasimama kwenye wiki ya tarehe 17 Juni, Jumatatu.

"Mwalimu," akasema, "siku ya Idd mlisoma?"

Siku ile mimi mwenyewe niliswali Idd, nikala biriani kwa shemeji hadi nikalegea, nikalala. Rejista yangu ilisema darasa zima lilikuwepo, asubuhi na mchana, isipokuwa wawili.

"Na hawa wawili waliokosa," akaendelea, bila kejeli yoyote, "walikuwa na udhuru gani?"

Alinirudishia kitabu changu. Hakunitisha, ingawa angeweza. Alisema tu kwamba karatasi hiyo hawezi kuiweka kwenye faili, kwani wakili yeyote ataichana. Mama alikuwa kando yangu na hakuelewa kilichopita kati yetu. Alichoona ni kwamba tulikwenda na ushahidi, na tukarudi nao.

Aliyemwokoa mtoto ni mtoto mwenyewe. Jumapili mama yake alipekua begi lake la shule akapata daftari la hisabati. Juu ya ukurasa, kwa mwandiko uliopinda, mvulana alikuwa ameandika siku na tarehe kama wanavyofundishwa. Chini yake kulikuwa na hesabu za sehemu, alama za vema na za makosa kwa wino mwekundu, na sahihi ya mwenzangu wa hisabati aliyesahihisha palepale darasani kipindi cha pili. Mwenzangu alikwenda kituoni akaithibitisha sahihi yake. Jumatatu, wenzake walipopelekwa mahakama ya watoto Tononoka, yeye aliachiliwa bila mashtaka. Lakini alikuwa amelala ndani tangu Ijumaa. Alirudi darasani kwa muda, kisha akapelekwa kwa mjomba wake Ganze. Sina haja ya kuambiwa kwa nini.

Septemba mwaka huohuo bweni la shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, liliungua wakafa wavulana 21. (Sisi wa huku tukisikia moto wa shule hukumbuka Bombolulu nyingine, shule ya wasichana kule Mazeras iliyoungua 1998, ambayo wageni hutuchanganya nayo.) Katika saa za mwanzo serikali ilisema kati ya wavulana 156 wa bweni lile, 70 hawajulikani walipo, kwa kuwa wengine walikuwa wamechukuliwa na wazazi na majirani usiku uleule. Wazazi walisimama getini wakingoja majina. Niliisikiliza habari ile nikiwa na rejista yangu mapajani, nikajiuliza ningemjibu nini mzazi mmoja tu.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamweleza yote. Alinipa onyo la maandishi, nami nililistahili. Siku hizi naita majina asubuhi kabla ya somo la kwanza, na kufikia mapumziko nimeshawapigia simu wazazi wa waliokosa. Nilipopendekeza madarasa yote yafanye hivyo, mwenzangu mmoja aliuliza nani atalipa kredi. Walimu wengine walicheka. Swali lake ni la haki na shule haijalijibu. Kwa sasa nalipa mwenyewe, na tarehe za mwisho wa mwezi natuma "tafadhali nipigie".

Lililobaki lilikuwa la mama wa yule mvulana. Yeye aliamini kwamba afande aliikataa rejista kwa chuki, na aliwaambia hivyo majirani. Alinishukuru hata akaniletea mahamri na bakuli la mbaazi, nikala, nikamrudishia bakuli lake. Hilo ndilo linaloniuma kuliko onyo la mwalimu mkuu. Mwishowe nilikwenda kwake Mwandoni, nikamsimulia rejista ilijazwa wapi na lini, na habari ya Idd.

Alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Kwa hiyo Jumatano ile mwanangu alikuwepo, au hakuwepo?"

"Alikuwepo, Mama. Daftari la hisabati linaonyesha."

"Daftari nililitoa mimi begini. Nakuuliza wewe, mwalimu wake. Wewe ulimwona?"

Nilijaribu kuirudisha asubuhi ile: kiti cha nyuma, dirisha, nani aliketi wapi. Nikamwambia sikumbuki.