Majina Yaliyosomwa Redioni

Tarehe 27 Januari 2023 BBC ilizima redio yake ya Kiarabu, iliyokuwa hewani tangu Januari 1938. Miaka miwili baadaye, katikati ya Ramadhani, Sauti ya Amerika (VOA) nayo ikanyamaza: tarehe 15 Machi 2025 wafanyakazi wake waliambiwa wasije kazini. Hapa Galbet, mjini Garissa, idhaa ya Kiarabu ilikuwa ya walimu wa madrasa na wazee wachache waliosomea Sudan au Misri. Pigo lililotufikia sote lilikuwa la VOA ya Kisomali. Lakini vijana wengi hawakujua hata kwamba imezimwa. Hilo ndilo lililoniuma: kitu kilichotulea kinaondoka, na hakuna aliyekaa matanga.

Redio zenyewe bado zinauzwa sokoni. Ninalolililia ni baraza la kuzisikiliza.

BBC ya Kisomali ilianza 1957, na kwa miongo mingi matangazo yake ya saa kumi na moja jioni ndiyo yaliyopanga siku za watu wetu. Watu waliswali Alasiri, wakatandika mkeka kivulini, chai ya maziwa ya ngamia ikaletwa. Betri zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo, na waya wa antena umefungwa kwenye bati la paa. Sisi watoto tulinyamazishwa kwa jicho tu. Taarifa ilipokwisha hakuna aliyeinuka, kwa maana kazi ndiyo kwanza imeanza. Nani ameripoti? Yuko mji gani, ni wa ukoo gani, wiki iliyopita alisema nini? Mzee aliyeingia juzi kutoka Liboi alieleza alichokiona kwa macho yake, na habari ya London ikapimwa kwa maneno ya mtu aliyeketi pale pale mkekani. Hawa walikuwa watu waliozoeshwa tangu chuoni kuuliza hadithi ya Mtume imepokewa kutoka kwa nani. Mtangazaji naye walimuulizia vivyo hivyo.

Walikuwa na sababu. Wakati wa vita vya shifta, 1963 hadi 1967, Redio Mogadishu ilisema lake na Sauti ya Kenya ikasema lake, na raia wa huku alikaa katikati ya sauti hizo mbili akiwa chini ya sheria za hali ya hatari zilizoendelea hadi 1991. Novemba 1980 nyumba za Bulla Kartasi zilipochomwa na watu wakauawa na vikosi vya serikali, walioihifadhi habari hiyo ni walioyaona hayo. Waliisimulia kwenye mikeka kama hiyo, mzazi kwa mwana, mpaka Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipoiandika katika ripoti yake ya 2013. Simu za leo zingekuwepo mwaka ule, Kenya nzima ingeuona moshi siku ileile. Nalikubali hilo bila kinyongo. Nakubali pia kwamba baraza lile lilikuwa la wanaume; mama zetu walisikiliza kutoka upande wa pili wa ua, na leo binti wa Galbet anazungumza kwenye simu yake na maelfu wanamsikia. Sitaki arudishwe nyuma ya ua.

Lakini kuna kipindi kimoja ambacho sijaona kilichochukua nafasi yake. Baada ya Somalia kusambaratika 1991, wakimbizi walipofurika Dadaab, shirika la kimataifa la Msalaba Mwekundu lilikusanya majina ya watu waliopotezana na jamaa zao, na BBC ya Kisomali ikawa inayasoma hewani. Lilisomwa jina la anayetafutwa na jina la anayemtafuta. Hapakuwa na muziki wala maelezo, majina tu, moja baada ya jingine, na kwa kuwa Msomali huitwa kwa jina la baba na la babu, kila jina lilikuja na wazee wake. Jirani yetu mmoja, tuliyemwita Habo, alikuwa ametokea Kismayu na hakujua kaka yake yuko wapi. Kipindi kikianza aliweka sufuria chini, moto aliuacha ukiwaka, akaja kusimama karibu na wanaume, na hakuna aliyemwambia arudi. Walimsogezea redio. Jina likifanana kidogo na la kaka yake, watu wote walimgeukia. Alitikisa kichwa, na msomaji akaendelea.

Sasa habari ya msiba inamkuta kila mtu peke yake. Tarehe 2 Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa kiliposhambuliwa na watu 148 kuuawa, picha za vijana waliolala katika damu zilizunguka kwenye simu wakati wazazi wao wakihangaika kutafuta uhakika. Mama wa kila mmoja wa vijana hao alikuwa na haki ya kuambiwa na mtu, amshike mkono, alie pamoja naye. Watu walizituma picha bila kujiuliza zitaangukia simu ya nani.

Na wako magafe, wale wanaofanya biashara ya watu kwenye njia ya tahriib, uhamiaji wa magendo, kuelekea Libya. Wanamtesa kijana mbele ya kamera, kisha wanamtumia mama yake video, walipwe. Mama anaifungua jikoni, akiwa amejifunika mtandio, sauti ameipunguza ili wadogo wa kijana huyo wasisikie. Nawajua wanaokaa na siri hiyo siku nyingi kwa aibu kabla ya kumwambia mjomba mmoja, naye ndiye anayeipeleka kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Hapo watu wanaamka. Shilingi elfu moja kutoka Modogashe, dola hamsini kutoka Minneapolis, zote kwa usiku mmoja. Ukarimu wetu haujafa, na ninaushuhudia kila mwezi. Lakini ukimaliza kutuma pesa unaweka simu chini na kulala, na yule mama bado yuko jikoni.

Habo alifariki akiwa bado hajalisikia jina la kaka yake. Lingesomwa, lingesomwa sote tukiwepo, na usiku uleule nyumba yake isingekosa watu hadi alfajiri.