"Nachati tu": neno lililotaka kuvuruga posa Mji Mkongwe

Basi bwana, kuna binti mmoja wa Malindi, Unguja, posa yake ilishajibiwa, mahari yakatajwa, ikabaki tarehe. Usiku mmoja akamwandikia mchumba wake "usiku mwema" mapema tu, saa tatu. Saa saba kijana kashtuka usingizini, kuangalia simu, mtu bado yuko mtandaoni.

Asubuhi akauliza. Jibu: "Nilikuwa nachati tu."

"Na nani?"

"Na watu."

Hilo "tu" ndilo lililomchoma.

Kuchati limekuwa neno la kubeba kila kitu. Mtu anauliza bei ya dira, anachati. Anamjulia hali binamu yake aliyeko Muscat, anachati. Na yule anayezima taa kwanza ndipo aanze kuandika, naye anachati. Wakubwa wao walikuwa na chati nyingine kabisa: mtu "yuko kwenye chati" maana yake jina lake linang'aa mjini. Siku hizi ukisema hivyo utaulizwa anachati na nani.

Maneno yakamfikia bibi. "Kuchati ndo nini?"

"Ni gumzo, bibi, ila la kwenye simu."

"Gumzo gani la kujifunika shuka?"

Bibi ana hoja. Babu kila jioni anakwenda Jaws Corner kupiga gumzo: kahawa chungu, dhumna, mpira, siasa. Hakuna anayemuuliza alikuwa na nani kwa sababu mtaa mzima umemuona. Barza zenyewe ni za mawe, zimeshikana na ukuta wa nyumba, zinatazama uchochoroni. Apitaye hutoa salamu, akitaka hukaa, na maneno yake wanayasikia wote. Gumzo lina mashahidi. Chati haina.

Lakini binti naye akajibu: "Bibi, mie nikakae Jaws Corner saa nne usiku na kikombe cha kahawa, mtasemaje?"

Bibi kimya. Maana anajua vizuri, gumzo lake yeye na shoga zake lilikuwa ndani, ukumbini au uani, wakisukana nywele. Mashoga wa binti wametawanyika, mmoja Dar, mwengine kaolewa Pemba. Uani kwao ni kwenye simu.

Kumbe usiku ule walikuwa hao hao, wanamliwaza mwenzao aliyeachwa. Angeweza kumuonesha mchumba yakaisha. Akakataa. "Siri si yangu. Na nikikuonesha leo, utataka kila siku." Simu ya kijana, ijulikane, ina nywila mbili.

Siku tatu hawakusemezana. Shangazi wa kijana akaingia kati, akamuuliza mwanawe swali moja tu, kama anaoa mke au anaoa simu.

Tarehe bado haijapangwa. Ila siku hizi kijana haulizi tena "unachati na nani". Anaandika: "Gumzo limekwisha?"

Hujibiwa baada ya dakika kumi: "Bado."