Hesabu za Biashara Zilivyonileta kwenye Lugha

Katika kitivo chetu nimeulizwa mara nyingi: "Wewe uliyesoma Biashara na Usimamizi sekondari, unatafuta nini kwenye lugha?" Wanaouliza hudhani kwamba hesabu zilinishinda nikakimbia. Nilifaulu, tena ni hesabu hizo zilizonionyesha njia ya kuja hapa. Naomba nieleze.

Nilipomaliza mwaka wa nane, ilibidi nichague tawi. Nilikuwa na alama nzuri za Kifaransa, kwa hiyo yaya wangu na walimu kadhaa walinishauri niende Kilatini na Filozofia. Hesabu zilikuwa udhaifu wangu. Lakini mama yangu anauza unga wa mahindi sokoni, kule Katuba, Lubumbashi. Kila jioni alihesabu franga mezani, mara mbili, mara tatu, asijue kama amepata au amepoteza. Mimi ndimi niliyemshikia kalamu, nami sikujua. Nilichagua Biashara kwa sababu hiyo tu.

Tulipoanza hesabu za fedha, mtihani wa kwanza nilipata 4 juu ya 20. Swali moja nalikumbuka hadi leo. Mtu amekopa franga 600.000, riba ni 8% kwa mwaka, atalipa baada ya siku 45. Riba ni kiasi gani? Kanuni tulikuwa tumeikariri: mtaji mara kiwango mara muda, kisha unagawanya. Muda ukiwa wa miezi, unagawanya kwa 1.200, ukiwa wa siku, unagawanya kwa 36.000, maana mwaka wa biashara huhesabiwa siku 360. Mimi niligawanya kwa 1.200, nikapata 180.000. Jibu sahihi ni 6.000.

Mwalimu aliandika jibu langu ubaoni bila kutaja jina. "Franga 180.000 kwa siku 45! Nani atakubali kulipa hivyo?" Darasa likacheka. Nami nikacheka, ili nisijulikane.

Jioni, nikiwa nyumbani, nilirudia hesabu ile na nikashtuka. Mama alikuwa amekopa franga 100.000 kwa mkopeshaji wa sokoni, kwa 20% kila mwezi. Mwezi mmoja na nusu ni 30%. Kwa mkopo wa 600.000, hiyo ni 180.000 kamili. Jibu langu lililochekwa lilikuwa bei ya kweli ya pale sokoni, na aliyekubali kulipa hivyo alikuwa mama yangu.

Tangu siku ile niliacha kukimbilia kanuni. Kila swali nililiandika kwanza kwa Kiswahili cha nyumbani, kana kwamba ninamweleza mama: nani amechukua, amechukua kiasi gani, atakaa nacho muda gani, na riba ni ya mwaka, ya mwezi au ya siku? Niligundua kwamba makosa yangu mengi hayakuwa ya kuzidisha wala kugawanya. Yalikuwa ya kusoma. Kifaransa changu kizuri kilinidanganya: nilisoma haraka, nikaruka maneno madogo yanayobeba hesabu yote.

Kisha mama akaniletea karatasi ya deni. Miezi mitatu ilikuwa imepita, na mkopeshaji alidai 172.800. Mama alitegemea kulipa 160.000, yaani zile 100.000 pamoja na 20.000 mara tatu. Karatasi ilisema: "20% kila mwezi juu ya deni." Deni lipi? Mama alielewa pesa aliyoichukua. Mkopeshaji alielewa pesa yote ambayo haijalipwa, pamoja na riba yake. Kwa hiyo mwezi wa pili alihesabu 20% ya 120.000, na mwezi wa tatu 20% ya 144.000. Hesabu zao zote mbili zilikuwa sahihi. Hawakuwa wamepatana juu ya neno.

Nilimsindikiza mama. Nikasema: "Baba, kwa heshima, hesabu yako sina neno nayo, ila mama hakuelezwa hivyo." Akanionyesha alama ya kidole gumba cha mama kwenye karatasi. Mama alilipa 172.800. Zile 12.800 za ziada zilitoka kwenye pesa yangu ya shule, nikakaa nyumbani siku nne mpaka zilipopatikana. Alipokopa tena, karatasi niliiandika mimi: "20% kila mwezi, juu ya franga 100.000 za kwanza tu, hata muda ukipita." Mkopeshaji aliisoma mara mbili, akanitazama, akatia sahihi.

Kwenye Mtihani wa Serikali, siku ya masomo ya tawi, nilifanya vilevile: swali kwanza kwa Kiswahili, kwenye karatasi ya kujaribia, kisha kanuni. Kati ya majibu matano ya kuchagua, mara nyingi niliona mojawapo likimngojea yule aliyeruka neno. Nilipata diploma yangu kwa 67%.

Wadogo zangu wakiniuliza tawi la kuchagua, siwaambii kwamba hesabu ni za wenye vichwa vya hesabu. Nawaambia wachague lile lenye swali wanalolijua nyumbani, halafu wasome kila swali polepole. Na hapa kitivoni, mhadhiri alipotufundisha juu ya maneno yenye utata, wenzangu waliandika mifano ya vitabuni. Mimi niliandika "deni", na pembeni yake 12.800.