Mlango wa Ruvuma, na Habari za Kombora Liangazalo



Watu wengi wamepata kusikia habari za mto Ruvuma kwa ajili ya mamba wake na viboko wake, na kwa kuwa ndio mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Lakini waliofika mlangoni pake, pale mto unapoingia baharini, si wengi. Mwezi huu nataka kuwachukua mpaka huko, kisha niwaeleze habari za chombo kimoja cha vita, nacho ni kombora ambalo halikutengenezwa ili kuua, bali ili kuangaza. Labda mtasema, "Mto na kombora, mambo haya yana ujamaa gani?" Someni kwa saburi, mtaona.

Safari yetu huanzia Mtwara mjini. Bandari yake ina kina kirefu cha asili, na ndiyo sababu serikali ya Kiingereza, ilipotaka kulima karanga kule Nachingwea tangu mwaka 1947, ilichagua mahali hapa pajengwe gati na njia ya reli. Karanga hazikufanikiwa, na reli ilifungwa katika miaka ya 1960, lakini mji ulibaki. Zamani mji mkubwa wa pande hizi ulikuwa Mikindani, ulio karibu tu. Huko ndiko alikoshukia Livingstone mwezi Machi 1866, alipoianza safari yake ya mwisho. Na huko Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walijenga boma la mawe mwaka 1895, nalo lasimama hata leo.

Kutoka Mtwara mtu hushika njia ya kusini-mashariki, akipita katikati ya minazi na mikorosho, mpaka Madimba. Hapo ndipo gesi itokayo chini ya ardhi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, husafishwa kabla ya kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Mbele yake ni Msimbati, kijiji cha wavuvi chenye mchanga mweupe. Tangu mwaka 2000 bahari ya huko, pamoja na mlango wa Ruvuma, ni hifadhi ya serikali. Ukizidi kwenda kusini waona mikoko, kisha mikoko, na tena mikoko. Na mwisho wake maji ya tope, yaliyosafiri karibu kilomita 800, yanaingia katika maji ya buluu. Juu kidogo ya mlango, pale Kilambo, kuna mahali pa kuvukia. Mto ni mpana, nao una mafungu ya mchanga yanayohama kila masika, hata nahodha wa mwaka jana hawezi kuitegemea njia ya mwaka jana.

Mahali hapa mtu hujifunza thamani ya nuru. Usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, wavuvi hutoka na taa zao, za karabai zamani na za umeme wa jua siku hizi, na bahari huonekana kana kwamba mji mwingine umejengwa juu ya maji. Mwezi ukiwa mpevu hawaendi, kwa kuwa nuru imeenea kila mahali na samaki hawakusanyiki. Nilimwuliza nahodha mmoja mzee habari hiyo.

"Shikamoo, Nahodha."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu."

"Kumbe samaki huipenda taa?"

Akacheka, akasema, "Huifuata, Mwalimu. Kuipenda sijui. Taa hii haichagui. Dagaa huja, ngisi huja, na mwizi wa nyavu naye huniona nilipo. Aangazaye huonekana."

Neno hilo la mwisho lafaa kushikwa, maana ndilo lililowasumbua majemadari wa dunia kwa miaka mingi.

Sasa tuangalie vita vya 1914 mpaka 1918. Kusini ya mlango wa Ruvuma kuna mahali paitwapo Kionga. Wajerumani walipanyang'anya Wareno mwaka 1894, na Wareno hawakusahau. Ureno ilipoingia vitani mwaka 1916, askari wake walikitwaa Kionga mwezi Aprili bila shida kubwa. Tarehe 27 Mei 1916 wakajaribu kuvuka mto karibu na mlango wake, wakisaidiwa na mizinga ya manowari Adamastor na merikebu ndogo ya vita iitwayo Chaimite. Lakini ng'ambo ya kaskazini askari wa Wajerumani walikuwa wakingoja na bombomu zao, na mashua zilizokuwa majini hazikuwa na pa kujificha. Wareno wakarudi na hasara. Walivuka hatimaye mwezi Septemba mwaka ule ule, wakapanda mpaka Newala. Huko wakazingirwa na kukatwa na maji, na mwisho wa Novemba wakaiacha Newala wakarudi kwao.

Fikirini taabu ya mto kama huo. Avukaye mchana huonekana kabla hajafika nusu. Avukaye usiku haonekani, lakini naye haoni mafungu ya mchanga wala mamba wala ukingo wa kupandia. Na alindaye ng'ambo, giza humtisha zaidi, maana husikia kafi ikigusa maji asijue ni adui au ni mvuvi. Ndiyo maana katika vita vyote mlinzi hutamani nuru. Wala si nuru ya mkononi mwake, itakayomwonyesha yeye, bali nuru iliyo mbali naye, juu ya kichwa cha mwenzake.

Hilo ndilo lililozaa kombora liangazalo. Katika karne ya 19 afisa mmoja wa Kiingereza, Edward Boxer, alitengeneza tufe la mzinga mfupi ambalo, lilipopasuka angani, lilitoa mwavuli na chombo cha moto kilichoning'inia chini yake. Lilikuwa jambo la akili, lakini upepo ulilichukua ovyo. Kisha ikaja mizinga mipya yenye michirizi ndani ya mtutu, ambayo hulizungusha kombora kwa kasi ili liende sawa. Mzunguko huo ulikuwa adui wa mwavuli, kwa kuwa kamba zake zilijisokota na kitambaa kikachanika. Kwa hiyo kwa muda mrefu makombora mengi ya namna hiyo yalitoa nyota ndogo ndogo za moto bila mwavuli, nazo zilianguka na kuzimika upesi.

Mafundi wakashindana na shida hiyo mpaka wakaishinda. Kombora lililokamilika hufanya kazi hivi. Kichwani lina kiwashio kilichotegwa kwa sekunde. Sekunde zikiisha, baruti kidogo huwaka ndani, nayo haivunji kombora vipande vipande bali husukuma kilichomo kitoke kwa nyuma. Hutoka kwanza kinyume cha mwendo, ili kasi yake ipungue. Kisha mwavuli wa hariri hufunguka, na kati ya mwavuli na mshumaa huwekwa kiungo kinachozunguka, ili mshumaa ukizunguka kamba zisijisokote. Mshumaa wenyewe si nta. Ni unga wa madini ya magnesi uliochanganywa na shura au chumvi za jamaa yake, ukashindiliwa mpaka ukawa mgumu. Magnesi huwaka kwa nuru nyeupe kali, wala maji hayauzimi moto wake kwa urahisi. Basi mshumaa hushuka polepole, na chini yake usiku hugeuka kuwa mchana wa ajabu, ambao vivuli vyake havitulii, kwa kuwa taa yenyewe yabembea.

Kule Ufaransa, ambako majeshi yalikaa katika mahandaki wakitazamana, mchana ulikuwa wa bombomu na kazi zote zilifanywa usiku: kuleta chakula, kutengeneza seng'enge, kuchukua majeruhi. Askari walifundishwa kwamba nuru ikipasuka juu yao wasikimbie wala wasijitupe chini kwa ghafla, bali wasimame kimya kama visiki, maana jicho la adui hukamata kitu kinachokwenda kabla ya kitu kilichosimama. Tena walifundishwa kufumba jicho moja, ili nuru ikizimika wabaki na jicho lililozoea giza.

Baharini palikuwa na hekima nyingine. Mpigaji alilipasua kombora nyuma ya merikebu ya adui, si mbele yake, ili merikebu ionekane kama kivuli cheusi mbele ya ukuta mweupe. Siku nne tu baada ya Wareno kurudishwa pale Ruvuma, yaani tarehe 31 Mei 1916, manowari za Waingereza na za Wajerumani zilikutana karibu na Jutland, na usiku ule Wajerumani walitumia makombora ya nuru kwa ustadi kuliko wenzao. Waingereza waliona, wakajifunza.

Ndugu msomaji, ukisimama Msimbati mwezi wa Mei utaujua udhaifu wa silaha hii bila kufundishwa na afisa. Mwezi huo kusi imekwisha kushika, nayo hutoka ng'ambo kuja kwetu. Nuru ikining'inizwa juu ya mto ingesukumwa kaskazini, iwaangaze walio ukingo huu. Miezi ya kaskazi ingekwenda kinyume. Mwavuli hauna bendera. Humwangazia yule ambaye upepo unampeleka kwake, hata akiwa ndiye aliyeurusha.

Tena iko hesabu nyingine, nayo ni ya kichwa cha mpagazi. Mwezi Machi 1916 merikebu ya Kijerumani iitwayo Marie iliponyoka manowari za Waingereza ikaingia Sudi, kaskazini ya Mikindani, ikashusha mizinga na risasi na dawa. Hapakuwa na reli wala gari. Shehena yote iliondoka pwani juu ya vichwa vya watu, mamia ya maili. Kombora moja tu la mizinga iliyotolewa katika manowari Königsberg lilikuwa na uzito wa karibu kilo 17. Katika nchi ambayo kila risasi ina shingo ya mtu chini yake, kombora la kuangaza lingekula nafasi ya kombora la kupiga, au nafasi ya unga. Na wapagazi ndio waliolipa deni la vita vile. Upande wa Waingereza waliandikishwa karibu milioni moja, na hesabu ya serikali yenyewe ilikiri kwamba waliokufa walipita 95,000, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam ni kumbukumbu yao. Hakuna aliyerusha nuru juu ya njia walizoangukia.

Vita vile viliisha, lakini usiku wa Ruvuma haujawa salama siku zote. Mwezi Oktoba 1917 palikuwa na mapigano makali ya Mahiwa, na mwezi Novemba wa mwaka huo Wajerumani walivuka Ruvuma pale Ngomano, mahali ambapo tangu mwaka 2010 pana Daraja la Umoja. Na mwezi Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka kutoka Msumbiji wakakishambulia kijiji cha Kitaya, katika mkoa huu wa Mtwara, wakaua watu na kuchoma nyumba. Wanakijiji wale waliuona usiku wao ukiangazwa, lakini kwa mapaa ya nyumba zao wenyewe.

Sasa nimalizie na jambo liwezalo kumfaa mtu. Ule mwavuli na mshumaa wake haukubaki kwa wanajeshi. Mabaharia waliuchukua, wakaufanya mwekundu badala ya mweupe, wakaufunga katika fashifashi ya kushikwa mkononi. Sheria ya mataifa yataka merikebu kubwa zisafirizo ng'ambo ziwe nazo 12. Kila moja hupanda mita 300 au zaidi, huwaka kwa sekunde zisizopungua 40, na kushuka polepole. Maana yake ni moja tu katika bahari zote: "Tunaangamia, njoni."

Vyombo vyetu vidogo viendavyo kati ya Mikindani, Msimbati na ng'ambo kwa kawaida havina kitu hicho, na nahodha hutegemea kupunga shuka au kuwasha kitambaa chenye mafuta. Basi, ndugu zangu wa pwani, wenye uwezo wa kununua injini wasione taabu kununua na taa hii. Itunzwe pakavu, na tarehe iliyopigwa ubavuni itazamwe, kwa kuwa nayo huzeeka. Isirushwe kwa hofu tu, wakati bahari ni tupu. Ingojwe mpaka merikebu ionekane au isikike, maana sekunde 40 ni chache. Ielekezwe juu, kidogo kule upepo unakokwenda, kwa sababu fashifashi ikipanda hujigeuza kuuelekea upepo. Mawingu yakiwa chini, ilazwe zaidi ili iwake chini yake.

Nasi tulio nchi kavu tuna wajibu wetu. Ukiona usiku nuru nyekundu ikishuka taratibu juu ya bahari, usiwaite watoto waje kutazama fataki. Shika alama ya mahali ilipo, kwa mti au kwa ncha ya nyumba, kisha piga simu polisi au bandarini, na uwaamshe wenye mashua. Nahodha wangu wa Msimbati alisema kwamba aangazaye huonekana. Yuko mtu kule majini anayeomba aonekane.