Juu ya Mto wa Barafu Huko Uswisi

Sisi tukaao chini ya Kilimanjaro huiona barafu kule juu asubuhi, kabla mawingu hayajaifunika. Lakini kuiona kwa mbali si kuikanyaga. Mwezi wa Agosti mwaka jana nilialikwa Uswisi na parokia moja iliyo rafiki ya parokia yetu, na siku moja nikapelekwa kutembea juu ya mto wa barafu uitwao Aletsch. Nataka niwaeleze jinsi ulivyo, na hasa habari ya nadhiri ya watu wa chini yake, maana hiyo ndiyo iliyonikaa moyoni kuliko baridi.

Kwanza jueni ya kuwa huu ni mto kweli. Theluji huanguka milimani mwaka baada ya mwaka, ya juu huikandamiza ya chini hata ikawa barafu ngumu, nayo huteremka bondeni kwa uzito wake yenyewe. Aletsch ni mrefu kuliko mito yote ya barafu ya Alpi, kilomita 20 hivi. Mahali paitwapo Konkordia, yanapokutana matawi yake makubwa, unene wake ni karibu meta 800, na mwendo wake kadiri ya nusu meta kwa siku. Macho hayauoni mwendo huo, ila masikio husikia barafu ikilia chini ya miguu kama boriti za nyumba usiku.

Kutoka kijiji cha Fiesch tulipanda katika kigari kinachovutwa hewani kwa kamba ya chuma, kisha tukaenda kwa miguu. Kiongozi wetu alikuwa mzee mwenye maneno machache. Padre mmoja wa kwetu anayesoma huko alinifasiria. Penye ukingo wa barafu mzee alitufunga viatuni meno ya chuma, akatuunga sote saba kwa kamba moja viunoni, tukafuatana kama siafu. Amri yake ilikuwa moja: kamba isilegee wala isikanyagwe.

Sababu ni nyufa. Nilichungulia mmoja: ndani rangi ya buluu nzuri ajabu, chini giza tupu. Wakati wa joto nyufa za huku chini huwa wazi, mtu huziona akazizunguka. Za kule juu hufunikwa na theluji, kama shimo la mtego lililotandikwa majani. Mwezi wa Machi 1926 vijana wanne wa bonde la Lötschental walipotea huko juu. Mwaka 2012 mto ukatoa mifupa ya watatu wao, ndugu wa tumbo moja, baada ya miaka 86. Mimi niandikaye vitabu vya ubatizo na vya marehemu niliwaza habari za mama yao siku nzima.

Sasa ile nadhiri. Zamani barafu hii ilikuwa ikikua na kushuka kuelekea mashamba. Pembeni yake palikuwa na ziwa, Märjelen, lililozuiwa na ukuta wa barafu. Ukuta ulipoachia, maji yalifurika bondeni na kuharibu mali za watu. Basi mwaka 1678 watu wa Fiesch na Fieschertal waliweka nadhiri kuishi maisha mema na kumwomba Mungu barafu isiendelee kukua. Mwaka 1862 wakaongeza maandamano ya kila mwaka, siku ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola.

Barafu ikarudi nyuma. Tangu mwaka 1870 ncha yake imerudi kilomita 3 hivi. Mzee alituonyesha mwambani mstari ulipofika alipokuwa kijana, juu sana ya vichwa vyetu. Katika miaka miwili tu, 2022 na 2023, Uswisi ilipoteza sehemu moja katika kumi ya barafu yake yote, kwa sababu ya joto la dunia. Watu wa vijiji wakajikuta wanaandamana kuomba jambo ambalo sasa linawatisha. Lakini nadhiri si kitu cha kubadili mtu akipenda. Mwaka 2009 wakapeleka ombi kwa Baba Mtakatifu, na mwaka 2010 wakapata ruhusa: sasa huomba barafu isitoweke.

Wako watakaocheka, wakisema watu hawa hawajui watakalo. Mimi sikucheka. Babu zao waliomba kwa ajili ya mashamba, na wajukuu waomba kwa ajili ya mashamba yale yale, maana maji ya barafu huletwa malishoni kwa mifereji iliyochongwa ubavuni mwa milima. Niliposikia hayo nikawasimulia juu ya mifongo ya Uchagga.

Hapa nawaambia jambo moja, maana nimelisikia likisemwa vibaya hata na watu wenye elimu. Barafu ya Kilimanjaro imepungua zaidi ya sehemu nane katika kumi kati ya 1912 na 2007, nasi twasikitika kwa haki. Lakini maji ya mifongo yetu, kwa sehemu kubwa, hayatoki kwenye barafu. Yatoka katika mvua na ukungu wa msitu ulio chini yake. Wenzetu wa Uswisi hawawezi kuipanda barafu. Sisi miti twaweza kuipanda, na twaweza pia kuikata.

Wakati wa kushuka mzee aliniuliza kama na sisi huandamana kwa ajili ya mlima wetu. Nikamjibu kwamba huandamana kuomba mvua. Akatikisa kichwa kwa kukubali, kisha akataka kujua zamu za maji hugawanywaje. Nikamweleza habari za wazee wa mfongo. Naye akanieleza kwamba kwao zamani haki ya kila nyumba ilichongwa alama juu ya kijiti cha mbao, na kijiti hicho kilitunzwa kama hati. Tukazungumza hayo mpaka tukafika kigarini.