Ekari Tatu na Watoto Wanne

Nilizaliwa Bungoma, upande wa Chwele, nikakulia Trans Nzoia. Miaka michache baada ya uhuru, walowezi wa Kizungu walipokuwa wakiuza mashamba yao na kuondoka, watu wa kwetu walichanga pesa vikundi kwa vikundi, wakayanunua kwa hisa. Hisa ya baba ilimpa ekari kumi na mbili nje ya mji wa Kitale. Alichobakiza Bungoma ni kipande kidogo tu, palipo na makaburi ya wazee na nyumba ya nyanya yangu, tuliyemwita kukhu. Tangu hapo maisha yetu yakawa na pande mbili. Chakula kilitoka Kitale. Matanga, posa na tohara za Agosti, ambazo Wabukusu hufanya katika miaka shufwa, zilitupeleka Bungoma.

Nilisomea kilimo katika chuo cha Bukura, na mapema miaka ya 1980 serikali ikaniajiri kuwa bwana shamba. Sijui kazi ambayo ingenipa fahari zaidi. Kitale ndiko ilikoanzishwa Kampuni ya Mbegu ya Kenya mwaka 1956, na mahindi chotara ya kwanza nchini, aina ya 611, yalitolewa hapa mwaka 1964. Mimi nilikuwa na baiskeli, kamba ya kupimia na ujumbe uleule kila msimu: panda mvua za Machi zinapoanza, acha sentimita 75 kati ya mistari, weka mbolea shimoni bila kuigusisha mbegu, palilia kabla magugu hayajakutangulia. Waliofuata hayo walivuna magunia ishirini na zaidi kwa ekari, mahali walipokuwa wakipata manane. Nilishuhudia nyumba za nyasi zikiezekwa mabati kwa mahindi. Watoto wa watu wasiojua kusoma waliingia shule za bweni kwa mahindi hayohayo.

Kazi hiyo ilinifikisha pia ndani ya nyumba za watu. Mke ndiye aliyepanda na kupalilia. Lori la mnunuzi lilipofika, mume ndiye aliyezipokea pesa. Nilizoea kumwambia mwenye boma, "Mzee, mwite mama naye aketi, maana msimu ni wake pia." Wengine walikubali na wengine walinikunjia uso. Kwenye maboma ambayo mama aliketi, mbegu ya msimu uliofuata haikukosekana.

Mwishoni mwa 1991 kifungu cha 2A cha katiba kilifutwa, vyama vingi vikarudi, nasi tukashangilia. Lakini moto ulikuwa tayari umewashwa. Ghasia za kikabila zilienea Endebess, Saboti na Kwanza, zikavuka hadi mpakani mwa Bungoma. Mashamba niliyoyapima kwa kamba yangu niliyakuta majivu. Wakulima wangu, Wabukusu, Wasabaot, Wakikuyu na Wateso, walikuwa wamezoea kuazimana ng'ombe wa kulima. Sasa hawakuweza kusalimiana. Familia zililala makanisani. Kisha, tarehe 14 Agosti 1992, mwanasiasa wetu Masinde Muliro alifariki katika uwanja wa ndege wa Nairobi, punde tu baada ya kutua kutoka London. Baba alimpenda Muliro kama nduguye. Siku hiyo aliniambia, "Mwanangu, tumebaki bila mtu wa kutusemea."

Miezi michache kabla ya msiba huo, baba alikuwa ametaka turudi Bungoma sote. Mama aliwapeleka wadogo zangu kwa kukhu, akageuka siku ileile. "Mvua imekaribia," alimwambia baba. "Mimi napanda." Akapanda. Shamba hilo liko mikononi mwetu hadi leo kwa sababu ya ujasiri wake, na kila ninaposikia wanasiasa wakijisifu kuwa walitulinda, mama ndiye ninayemkumbuka.

Tulizika matumaini mengine mwaka 2003, Michael Kijana Wamalwa alipofariki akiwa Makamu wa Rais, miezi minane tu baada ya chama tawala cha zamani kuondolewa madarakani. Mwanzoni mwa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, niliona mahema ya wakimbizi wa ndani Kitale. Wakati huohuo Mlima Elgon ulikuwa ukivuja damu: ugomvi wa mgao wa ardhi ya Chepyuk ulikuwa umezaa kundi la wapiganaji, na jeshi lilipoingia Machi 2008, wananchi wakateswa na pande zote mbili. Wajane waliteremka hadi Bungoma na Trans Nzoia wakiwa na watoto mgongoni. Nilipowasikiliza, kisa kilikuwa kimoja: orodha ya majina. Nani kaandikwa apewe shamba, nani kafutwa, nani hajulikani aliko. Hapo ndipo nilipoamini jambo ambalo sijaliacha hadi sasa: ardhi isiyoamuliwa ni ya nani humpa mchochezi mtaji wa bure.

Na orodha kama hiyo imo katika kila familia ya kwetu. Baba alipofariki, ekari kumi na mbili ziligawanywa kwa wana wanne, mimi nikapata tatu. Sasa nina watoto wanne. Nikigawa kwa desturi ileile, kila mmoja atapata robo tatu ya ekari, na hapo hujatoa njia wala ua. Robo tatu hailishi familia, hata mbegu iwe nzuri namna gani, hasa baada ya ugonjwa wa kunyauka mahindi ulioingia nchini mwaka 2011 na viwavijeshi vilivyotuvamia 2017. Kazi za viwanda nazo zimeadimika: kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichowalisha maelfu, kilifungwa mwaka 2009, na hakijarudia nguvu zake za zamani.

Kitinda mimba wangu amehitimu chuo kikuu na bado anatafuta ajira. Juni 2024 alikuwa miongoni mwa vijana walioandamana kupinga Mswada wa Fedha. Nilimpigia simu nikiwa na hofu. "Baba," alisema, "nyinyi mlipigania ekari. Sisi tunataka kazi, na hatuulizani kabila." Nilikaa na maneno hayo usiku kucha. Mwaka 1992 hakuna kijana wa Kitale ambaye angeweza kuyasema.

Kwa hiyo nimeamua kusema yangu nikiwa hai. Niliwaita watoto wote na ndugu zangu kutoka Bungoma. Binti yangu, anayefanya kazi za nyumbani Riyadh, alikuwa kwenye simu. Kaka yangu alipinga binti huyo kuwemo: "Ataolewa, na shamba litaenda ukoo mwingine." Nilimjibu kwa heshima kwamba Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, haibagui mwana na binti, na katiba ya 2010 imelitilia jambo hilo mkazo. Tena karo ya mdogo wake wa mwisho ilitoka kwenye jasho lake. Atakuwemo.

Tumekubaliana kutolikata shamba. Hatimiliki itaandikwa majina manne kwa hisa sawa, na tumekwisha kuanza kuomba idhini ya bodi ya ardhi. Anayetaka kulima atalima na kuwalipa wenzake kodi kila msimu. Anayetaka kuuza hisa yake ataanza na nduguze. Kaka bado hajaridhika, nami nitaendelea kumwendea hadi turidhiane.

Mazungumzo ya uchaguzi wa 2027 yameshapamba moto masokoni. Mimi nimezeeka, sijui watoto wangu watakula nini miaka ishirini ijayo, na hilo linaniuma. Lakini atakayekuja kwangu kuomba kura nitamuuliza mambo mawili: bei ya gunia itatangazwa kabla ya kupanda au baada ya kuvuna, na ni kazi gani itakayomngoja kijana ambaye hana shamba la kurithi? Akianza kunijibu kwa kunitajia kabila la jirani yangu, ataondoka bila kura zetu.